Kufanana kwa Nembo na Dai la Shabiki: Mwenye Alama Ni Nani?

Utangulizi

Yapo maswali yanayodharauliwa kwa sababu huulizwa viwanjani badala ya madarasani. Mojawapo ni hili: timu mbili zikivaa nembo zinazofanana, je, mashabiki wao wanapenda kitu kimoja au vitu viwili? Swali hili lina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa alama na kile kinachowakilishwa na alama, jambo ambalo ndilo msingi wa uhakiki wa fasihi. Upande wa pili ni wa maadili, kwa kuwa kufanana huku huzaa tuhuma: mmoja husemwa kwamba amekwapua cha mwenzake, na mwenye kusema hivyo hudai kuwa yeye ndiye mwenye haki.

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kuanzia vyuo vikuu vya Marekani, ambako limewahi kufikishwa mbele ya sheria. Kutoka huko yanalirejesha katika klabu na ngoma za Afrika Mashariki, na hatimaye Marafa, huko Magarini katika Kaunti ya Kilifi, miongoni mwa Wagiriama, ambao wana alama zinazofanana zote machoni pa mgeni. Hoja inayotetewa ni kwamba nembo haiwi ya watu fulani kwa umbo lake, wala kwa kuwa wao ndio waliotangulia kuichora, bali kwa wajibu wanaoubeba kwa ajili yake.

Kesi mbili za vyuo

Mwaka 1961 klabu ya Green Bay Packers, inayocheza kandanda ya Kimarekani, ilianza kuvaa herufi G iliyozungushiwa umbo la yai kwenye kofia za wachezaji wake. Mwaka 1964 kocha Vince Dooley wa Chuo Kikuu cha Georgia alitaka timu yake nayo ivae G inayokaribiana sana na ile. Chuo kiliomba idhini, na klabu ikaridhia. Herufi hizo zinafanana kiasi cha kumtatiza asiyezizoea, lakini shabiki wa Georgia hajidhanii hata kidogo kuwa wa Green Bay.

Kesi ya pili haikwenda hivyo. Chuo Kikuu cha Iowa kina nembo ya kichwa cha ndege wa jamii ya mwewe, na rangi zake ni nyeusi na dhahabu. Chuo Kikuu cha Southern Mississippi kilianza mwaka 2003 kutumia kichwa cha tai chenye rangi hizo hizo. Iowa ilipinga, na mwaka 2011 bodi inayosikiliza mashauri ya alama za biashara nchini Marekani ikaamua kwamba nembo hizo zinakaribiana mno, na kwamba mnunuzi angeweza kuchanganyikiwa. Baadaye Southern Mississippi ilibadili nembo yake.

Katika kuzilinganisha kesi hizi, mtu anaweza kudhani kwamba tofauti iko katika kiwango cha kufanana. Sivyo. Herufi mbili za G zinakaribiana pengine kuliko vichwa vile viwili vya ndege. Tofauti ni kwamba upande mmoja ulibisha hodi na mwingine haukubisha. Mswahili anaijua nguvu ya neno hilo: mlango ni ule ule na mgeni ni yule yule, lakini aliyeingia kwa hodi ni mgeni, na aliyeingia kimya ana la kujibu.

Hata hivyo, hodi inaeleza amani baina ya majirani tu. Haielezi kwa nini mapenzi ya shabiki wa Georgia si mapenzi ya shabiki wa Green Bay, ilhali macho yao yanatazama karibu herufi moja. Sheria nayo haisaidii hapa, kwa sababu kipimo chake ni mnunuzi aliyesimama mbele ya rafu ya kofia. Kipimo hicho ni halali kwa bidhaa. Shabiki, lakini, hakosei. Hakuna aliyewahi kulilia timu isiyo yake kwa kuwa ndege wao wanafanana.

Alama hubadilika, watu hubaki

Ferdinand de Saussure alifundisha kwamba uhusiano baina ya alama na maana yake si wa kimaumbile, bali hutokana na makubaliano ya jamii. Historia ya soka ya Afrika Mashariki inalithibitisha fundisho hilo kwa namna ambayo vitabu vya isimu havikuitazamia.

Klabu ya Young Africans iliundwa Dar es Salaam mwaka 1935. Mwaka uliofuata baadhi ya watu wake walijitenga wakaanzisha klabu yao, ambayo kwa miaka mingi ilijulikana kwa jina la Sunderland. Jina hilo ni la klabu ya Uingereza, na rangi nyekundu na nyeupe ni za klabu zote mbili. Mwaka 1971 Sunderland ya Dar es Salaam iliacha jina hilo la kigeni ikaitwa Simba. Jina lilikwenda na picha ya mnyama ikaja, ila waliokuwa wakishangilia Sunderland ndio walioendelea kushangilia Simba.

Nchini Kenya, AFC Leopards ilianza mwaka 1964 ikiwa klabu ya Waluhya, na jina lake likitaja hivyo waziwazi. Gor Mahia iliyoundwa mwaka 1968 ilichukua jina la mganga mashuhuri wa Waluo. Serikali ilipozitaka klabu ziache majina ya kikabila, mwanzoni mwa miaka ya 1980, herufi AFC zilibaki zikapewa tafsiri nyingine, na Gor ikaelezwa kuwa ni kifupi cha Gulf Olympic Rangers. Amri ilitiiwa katika karatasi, lakini jukwaani hakuna aliyehama.

Ikiwa alama inaweza kubadilika na jamaa ikabaki, na ikiwa alama moja inaweza kuvaliwa na jamaa mbili zisichanganyike, basi umbo la alama si la lazima wala halitoshi kuunda utambulisho. Simba mwenyewe ni shahidi: yumo katika nembo ya klabu ya Dar es Salaam, yumo katika jina la Small Simba ya Zanzibar, yumo katika jina la timu ya taifa ya raga ya Kenya, na yumo kwa Kilatini katika jina la Leos, timu ya raga ya Chuo Kikuu cha Strathmore. Hakuna aliyemmaliza kwa kumgawana.

Upinzani unaohitaji kufanana

Inafaa kwenda hatua moja zaidi. Katika mila za pwani, kufanana si aibu ya wapinzani. Ni sharti la upinzani wao. Malumbano ya ushairi ni mfano ulio wazi. Mapema katika karne ya 19, Muyaka bin Haji wa Mombasa na Zahidi Mgumi wa Lamu walirushiana tungo wakati miji yao ikihasimiana. Kila mmoja alitumia silaha za mwenzake: lugha ile ile, beti zenye mizani na vina. Mpaka leo, anayejibu shairi kwa bahari nyingine huonekana amekwepa. Kujibu ni kuingia katika umbo la mpinzani na kulifanya liseme kinyume.

Ngoma ya beni, ambayo Terence Ranger aliiandikia kitabu mwaka 1975, ilienea kwa msingi huo huo. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi, na Tanganyika palikuwa na Marini na Arinoti. Vyama hivyo viliiga vyeo, sare na bendi za majeshi ya wakoloni, na mgeni aliyewatazama wakipita asingejua ni kipi anachokitazama. Wenyewe walijua, na hawakujua kwa kofia tu. Walijua ni chama gani kingemsaidia mwanachama akiugua, na ni watu gani wangesimama kaburini siku ya maziko yake.

Hapa lugha ya mashabiki wa leo ina hekima ambayo wenyewe huenda hawaitambui. Simba na Yanga huitwa watani wa jadi. Gor Mahia na AFC Leopards huitwa mashemeji. Maneno hayo hayakuokotwa. Mtani ana ruhusa ya kukutukana kwa sababu ana kazi msibani kwako. Shemeji ni mtu wa nyumba nyingine aliyefungwa nawe kwa ndoa, na watoto watakaozaliwa ni wa pande zote mbili. Mashabiki walipotafuta neno la kumwita mpinzani, waliacha neno adui wakachukua maneno ya ujamaa, yaani maneno ya wajibu.

Alama zinazofanana zote: mfano wa Marafa

Wageni wengi huenda Marafa kutazama Nyari, bonde lililomomonyoka likaacha kuta na minara ya udongo mwekundu na mweupe, ambalo watalii huliita Hell's Kitchen. Mgeni huona umbo na kulipiga picha. Mwenyeji huona pia kisa kinachosimuliwa hapo, cha matajiri waliokuwa wakioga kwa maziwa hadi ardhi ikawameza. Wawili hao wametazama kitu kimoja, lakini aliyeonywa ni mmoja.

Mfano wenye uzito zaidi ni wa vigango. Kwa desturi ya Wagiriama na jamaa zao Wamijikenda, mzee aliyekuwa mwanachama wa Gohu akifa husimikiwa kigango, yaani mti mrefu uliochongwa, wenye kichwa na kiwiliwili kilichopambwa kwa pembetatu na mistari. Vigango hufanana sana. Ukivipanga 20 ukutani, mgeni atasema ni kazi ya mtindo mmoja, na hatakuwa amekosea. Lakini kila kimoja ni cha mzee mmoja aliyekuwa na jina, watoto na mashamba. Jamaa humpelekea sadaka, humweleza shida zao, na kwa desturi kigango kikishasimikwa hakiondolewi.

Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja wa Kilifi akiwa kando ya vigango viwili alivyowasimikia ndugu zake. Muda si mrefu vikaibwa. Baadaye kimoja kilionekana katika mikusanyo ya Illinois State University na kingine katika ile ya Hampton University, na kufikia mwaka 2007 vyote viwili vilikuwa vimerejeshwa Kenya. Mwaka 2014 makumbusho ya sayansi ya Denver nayo yalitangaza kurudisha vigango 30.

Tukio hilo linajibu swali la makala haya kuliko uamuzi wa bodi yoyote. Kwa soko la sanaa, kigango kimoja kingeweza kushika nafasi ya kingine, maadamu urefu na uzuri ni ule ule. Kwa familia ile, hakuna kigango kingine chochote duniani ambacho kingefaa, hata kama kingefanana mstari kwa mstari. Kufanana hakukuwahi kuwachanganya wao, kwa sababu hawakuwa wakitambua umbo tu. Walikuwa wakimtambua mtu wanayewajibika kwake.

Pingamizi

Inaweza kupingwa kwamba, ikiwa wajibu ndio kila kitu, basi umbo halina thamani, na hakuna hasara kigango kikichukuliwa. Pingamizi hilo halisimami. Umbo ndilo mahali ambapo wajibu huonekana hadharani na kukumbushwa. Aliyeiba kigango hakuuiba wajibu, maana huo haubebeki. Aliwaachia wenyewe wajibu huku akiwanyang'anya pa kuutimizia. Hiyo ndiyo dhuluma, na ni kubwa kuliko hasara ya mti uliochongwa.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Kijana wa Marafa avaaye jezi ya Arsenal, pengine jezi bandia iliyonunuliwa sokoni Malindi, ana wajibu gani kwa klabu ya London isiyojua kuwa yupo? Je, yeye si shabiki? Jibu linategemea anachokifanya akiwa ndani ya jezi hiyo. Ikiwa wale anaotazama nao mechi ndio wanaochangiana mmoja wao akifiwa, basi nembo ile imekwisha kuwa ya jamaa ya Marafa, na ubandia wa kitambaa ni shauri la mwenye alama ya biashara. Ameifanyia kazi nembo ya mbali, kama Marini na Arinoti walivyoifanyia kazi sare ya mkoloni.

Lakini ikiwa nembo haimdai chochote, na timu ya kijijini kwake inakosa hata nyavu huku yeye akibishana juu ya bei za wachezaji wa Ulaya, hali yake ni nyingine. Tusimwambie kwamba hapendi. Mkusanyaji aliyetundika kigango sebuleni kwake naye alikipenda: alikifuta vumbi, alikiangazia taa, aliwaonyesha wageni wake. Alichokosa ni kuulizwa. Hakuna aliyeweza kumjia usiku na kumwambia kwamba mwenye kigango hiki anataka maji.

Hitimisho

Vyuo viwili vikigombania kichwa cha ndege, sheria itauliza ni nani aliyetangulia na ni kwa kiasi gani mnunuzi atakosea. Ni maswali ya haki katika biashara, na hayana budi kuulizwa. Mhakiki ana swali lake, ambalo pia ni swali la kila avaaye nembo, ya chuo, ya klabu au ya mbali: alama hii ikinijia na deni lake, nitafungua mlango? Mashabiki wa timu mbili zenye nembo zinazofanana wakiweza kujibu ndiyo, kila mmoja kwa watu wake, hakuna aliyemwibia mwenziwe. Wasipoweza, hata nembo isiyofanana na nyingine yoyote itabaki kuwa pambo.