Adabu ya Mazoezi ya Pamoja

Adabu ni kipimo ambacho mtu hujipimia mwenyewe mbele ya haki ya mwenziwe. Aghalabu hutajwa pale watu wanapokula, wanapozungumza, wanapooana au wanapozika, kwa sababu katika mambo hayo mila zetu zimekwisha kuweka kanuni, na kila mtoto huzirithi kabla hajazijua sababu zake. Lakini kila zama huzaa mikusanyiko yake mipya, na mkusanyiko mpya huja bila ya kanuni. Mmoja wa mikusanyiko ya siku hizi ni ule wa watu wasiojuana, wake kwa waume, vijana kwa wazee, ambao hukutana alfajiri au jioni, ukumbini au uwanjani, wakanyosha viungo, wakaruka na kuvuta pumzi chini ya mwalimu mmoja. Swali ninalotaka kulitazama ni hili: mtu aliyekuja kuutengeneza mwili wake mwenyewe ana wajibu gani kwa mwili uliopo kando yake?

Swali hili lina mahali pake. Katika mji wa Moshi, miguuni pa Kilimanjaro, mazoezi ya pamoja si jambo geni. Tangu mwaka 2003 mji huo umekuwa na mbio ndefu zilizopewa jina la mlima, ambazo hukimbiwa mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi. Wakimbiaji huanzia na kuishia katika uwanja wa Chuo Kikuu cha Ushirika, na njiani hupanda kuelekea Mweka kati ya migomba na mibuni. Yoga nayo, elimu ya viungo na pumzi iliyotoka Bara Hindi, imepata wanafunzi kati ya wenyeji na wageni waujiao mlima. Desemba 2016 serikali, kwa kinywa cha Makamu wa Rais wa wakati ule, Samia Suluhu Hassan, iliagiza Jumamosi ya pili ya kila mwezi iwe siku ya mazoezi, ili kupunguza maradhi yasiyoambukiza kama kisukari na shinikizo la damu. Na waliosoma katika shule za Tanzania wanaukumbuka mchakamchaka wa asubuhi: mmoja huimba, wengi huitika, na nyayo zote hugonga ardhi kwa pigo moja.

Katika mchakamchaka adabu haikuwa na shida, kwa kuwa wimbo uliwatawala wote, na aliyetoka katika pigo alionekana mara moja. Katika ukumbi wa leo hakuna wimbo wa kuitikiwa. Kila mtu yu juu ya mkeka wake, amelipa ada yake, na ana sababu yake: huyu ameagizwa na daktari, yule anajiandaa kupanda mlima, wa tatu anataka kuusahau kwa saa moja msiba uliompata. Hapo huzuka hoja ya mtu mwenye kujipenda. Husema: "Nimelipa, na mwili ni wangu. Nikichelewa nimejipunja mwenyewe. Nikizungumza ni kinywa changu." Hoja hii ina sura ya haki, walakini ndani yake mna kosa kubwa. Ada hununua nafasi. Hainunui utulivu wa watu ishirini. Mwili ni wa mtu mmoja, lakini ukimya, mwendo na moyo wa mkusanyiko ni mali ya wote. Vitu hivi hakuna awezaye kuvileta peke yake, na yeyote aweza kuviharibu peke yake.

Watu wa miteremko ya Kilimanjaro walilijua jambo la namna hii zamani sana. Wachaga waliyatoa maji katika mito ya mlimani kwa mifereji waiitayo mifongo, wakayapitisha kandokando ya mabonde hata yakafika vihambani. Kihamba kilikuwa cha ukoo, na migomba ilikuwa na mwenyewe. Lakini maji yalikuwa ya watumiaji wote wa mfongo. Kila mmoja alikuwa na zamu yake, na siku ya kuuzibua na kuutengeneza mfereji kila mmoja alitakiwa atoke na jembe lake. Aliyefungulia maji nje ya zamu alihesabiwa kuwa amechukua cha wenziwe, na aliyekwepa kazi alitozwa faini. Naona utulivu wa darasa la mazoezi ni maji ya mfongo. Anayeuvunja hafanyi utovu wa adabu tu. Hutwaa kitu ambacho wengine walikitegemea, naye hakukichimba peke yake.

Tukilikubali hilo, kanuni nyingi zinazoonekana kama ukali wa bure hupata maana. Mwanzo wa somo ni wakati ambapo mwalimu hupasha viungo moto na kuzikusanya akili za wanafunzi. Anayeingia baadaye, akaburuta mkeka na kutafuta nafasi kati ya vichwa vya waliolala, hujifungulia maji ya waliowahi. Akichelewa kwa udhuru wa kweli, na udhuru upo, kwa kuwa daladala haiendi kwa saa ya mtu mmoja, angoje mlangoni hata zoezi lililopo limalizike, aingie kimya, akae nyuma. Salamu ndefu, ambazo kwetu ni heshima, zina mahali pake kabla ya somo na baada yake. Ndani ya somo ishara ya kichwa yatosha, wala hakuna mzee atakayeona amedharauliwa. Simu izimwe. Jasho lifutwe katika kifaa kabla hakijapokewa na mwingine. Manukato makali yaachwe nyumbani, kwa maana katika zoezi la pumzi pua ya jirani haina mlango wa kufunga. Na asiyeweza kungoja mapumziko ya mwisho, pale wote wanapolala kimya, aondoke kabla hayajaanza.

Liko jambo zito zaidi kuliko kimya, nalo ni stara. Mtu anayefanya mazoezi ameiweka chini ngao yake. Huinama, huhema, hutokwa jasho, huanguka. Tumbo lake na umri wake huonekana. Mama wa miaka hamsini ambaye hajapata kukimbia tangu aache shule huhitaji ujasiri mwingi kuingia katika ukumbi wenye vioo kuliko kijana mwenye kupanda mlima. Jicho moja la dharau, au kicheko kimoja cha chini kwa chini, hutosha kumrudisha nyumbani. Picha ni mbaya zaidi, kwa sababu anayejipiga picha ukumbini hupiga pamoja na nafsi yake watu ambao hawakuombwa, na picha hiyo husafiri mahali ambapo wao hawatakuwapo kujitetea. Mama yule hatalalamika. Atanyamaza, na wiki ijayo hatakuja; na shinikizo la damu alilokuja kulipunguza atarudi nalo nyumbani. Hapa ndipo panapoonyesha kwamba adabu hii si pambo. Inaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mtu aliyepona na mtu aliyeaibika akaacha.

Wenye kudhani kwamba utaratibu huu ni uzushi wa wenye kumbi na watazame asili ya yoga yenyewe. Katika Yoga Sutra, kitabu cha Kisanskriti ambacho mapokeo hukinasibisha na Patanjali, njia ya yoga ina viungo vinane. Mikao ya mwili, ambayo wengi huidhani ndiyo yoga yote, ni kiungo cha tatu. Cha kwanza ni makatazo matano, na la kwanza kati yake ni kutodhuru. La pili ni kutosema uongo, na la tatu ni kutoiba. Basi aliyeinama hata paji la uso likagusa magoti, huku mguu wake umemsukuma jirani na kinywa chake kimemcheka mgeni, amekiacha kiungo cha kwanza akarukia cha tatu. Amejifunza kunyosha misuli; yoga hajajifunza.

Swali gumu zaidi ni la mwendo. Katika kundi moja wamo hodari na wanyonge. Je, somo lifuate mwendo wa nani? Hodari akizuiwa huona amepunjwa. Mnyonge akikokotwa huumia. Mlima wenyewe unatupa nusu ya jibu. Kilele cha Uhuru kiko mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, na huko shinikizo la hewa ni karibu nusu ya lile la pwani. Kwa hiyo waongozaji huwaambia wapandaji tangu siku ya kwanza: pole pole. Halisemwi neno hilo kwa kumhurumia mnyonge peke yake. Mwili huhitaji siku kadhaa ili uizoee hewa nyembamba, na kijana mwenye misuli aliyekwenda mbio kutoka Mandara hadi Horombo aweza kushikwa na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, akateremshwa huku aliowaacha nyuma wakiendelea kupanda. Mwenda pole hajikwai.

Nusu ya pili ya jibu yapatikana ukumbini, kwa kuwa ukumbini watu waweza kufanya zoezi moja kwa vipimo mbalimbali. Hodari ana haki ya kuongeza uzito wake. Hana haki ya kuugeuza uzito huo kuwa tangazo. Mnyonge ana haki ya kupumzika pasipo kuomba radhi. Lakini naye ana wajibu. Mwenye goti bovu, mwenye moyo dhaifu, mwenye mimba, na amwambie mwalimu kabla ya somo kuanza, kwa sababu anayeificha hatari yake huwatwika wengine mzigo wasioujua.

Mwalimu naye hakuepukana na sheria hii. Huenda akawa kijana wa miaka 25, na mbele yake yuko mzee wa miaka 65. Nani amheshimu nani? Mila haikushindwa hapa. Kijana huamkia shikamoo, kisha hufundisha; mzee huitikia marahaba, kisha hufuata. Akitaka kumrekebisha mama aliyekosea mkao, humkaribia na kusema kwa sauti ya chini, "Mama, niruhusu nikushike bega." Mama akikataa, mwalimu huonyesha kwa mwili wake mwenyewe. Ama mwanafunzi asiye mwalimu, na asimsahihishe mwenziwe hata akiwa anajua zaidi. Msaada usioombwa mbele ya watu huwa ni aibu iliyovikwa nguo ya wema.

Liko pia jambo la dhamiri. Kilimanjaro ina makanisa mengi na misikiti, na wapo waumini ambao huiogopa yoga kwa sababu ya nasaba yake na dini za Kihindi. Mwenye hofu hiyo asichekwe, wala asilazimishwe kutamka neno asilolitaka. Naye asiyadhihaki maneno ya wenyewe. Namaste ni salamu ya kila siku kwa mamilioni ya watu wa Bara Hindi, na salamu hujibiwa kwa heshima, hata ikijibiwa kwa Kiswahili.

Yaweza kusemwa kwamba kanuni zikizidi, watu hukimbia. Hoja hii naikubali kwa nusu, kwa kuwa adabu yaweza kugeuka ukuta. Mahali ambapo mtu hupimwa kwa bei ya viatu na rangi ya mkeka, ambapo muuza ndizi wa soko la Mbuyuni hutazamwa kwa sababu amekuja na raba zilizochanika, pana majivuno yaliyojiita adabu. Kipimo cha kuzitenga ni chepesi: kila kanuni na iulizwe inamlinda nani. Kanuni ya kuzima simu humlinda hodari na mnyonge, tajiri na maskini. Kanuni ya mavazi ya bei haimlindi mtu. Ya kwanza na ibaki. Ya pili na ifutwe. Na mgeni asiyezijua kanuni aelezwe pembeni na wenyeji wa darasa, kabla hajakosea, kama vile mgeni wa nyumbani anavyoonyeshwa mahali pa kukaa.

Basi wajibu wa mtu kwa mwili uliopo kando yake ni kuulinda kama anavyotaka wake ulindwe: asiunyang'anye kimya chake, asiuvunjie stara yake, asiukokote kwa mwendo usiokuwa wake. Afya aliyoijia peke yake huipata kwa msaada wa wengi ambao hata majina yao hayajui. Somo likimalizika, na arudishe alichokitumia mahali pake, afagie aliposimama, ndipo atoke. Waliotumia mfongo mmoja walitoka wote na majembe yao.