Mwenye cheo akikosoa, naye akubali haki

Ndugu Waislamu, askari mdogo akivaa bereti vibaya au akiacha vifungo wazi, mkubwa wake ni wajibu amkosoe. Sare ni nidhamu, na kumnyamazia ni kumdhulumu. Lakini je, cheo kinahalalisha kofi na matusi mbele ya wenzake?

Katika vita vya Badri, mwaka wa 2 Hijria, Mtume (s.a.w.) alikuwa akinyoosha safu, mshale mkononi. Ibn Is-haq anasimulia kuwa alimdunga tumboni Sawad bin Ghaziyya, aliyejitokeza mbele ya wenzake, akamwamuru anyooke. Sawad akadai kisasi. Amiri jeshi yule akafunua tumbo lake ili alipizwe; Sawad akamkumbatia na kulibusu.

Safu ilinyooka, wala heshima ya Mtume haikupungua. Basi mkubwa anayekosoa lakini hakosoleki, anatetea sare au nafsi yake?