Je, Mwenye Kisima Ndiye Mwenye Maji?

Ewe ndugu msomaji, mtu akichimba kisima katika shamba lake, kwa mali yake, kisha akayavuta maji apendavyo hata kisima cha jirani yake kikakauka, je, ana lawama? Wengi watasema hana, kwani hakuvuka mpaka wa mtu. Sisi twaona jawabu hilo limetolewa upesi mno.

Tazama nchi ya Omani. Vijiji vingi huko hupata maji kwa falaj, yaani mfereji ambao mara nyingine huanzia chini ya ardhi, katika kisima mama kilichoko mwinukoni, ukateremka polepole hata mashambani, pasipo ng'ombe wala mashine. Mifereji kama 3,000 ingali yatumika, na 5 katika hiyo ilitiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Maji yafikapo, kwanza huchotwa ya kunywa. Mitende hufuata baadaye. Na mimea ya msimu huwa nyuma, kwani kitunguu hupandwa tena mwakani, bali mtende ukifa ni hasara ya miaka. Kila mwenye fungu ana zamu yake, iliyokuwa ikipimwa mchana kwa kivuli na usiku kwa nyota. Akizidisha kidogo, mwenziwe amesimama papo hapo na jembe lake, amngoja.

Pwani ya Batina mambo yalikuwa mengine. Zamani maji yalivutwa visimani kwa ng'ombe, na ng'ombe huchoka. Ikaja pampu ya dizeli, isiyochoka. Mashamba yakaongezwa, maji matamu yakapungua, na maji ya bahari yakaingia chini ya ardhi mahali pake. Visima vingi vikageuka chumvi. Wala hapana mtu mmoja awezaye kuonyeshwa kidole. Na sasa iko pampu ya jua, isiyotaka hata mafuta: ni neema kwa maskini, walakini ile gharama iliyokuwa ikiuzuia mkono imeondoka.

Katika hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Waislamu wamefanywa washirika katika maji, malisho na moto. Na mafakihi wakaweka harimu ya kisima, yaani ardhi ya pambizoni ambayo mwingine haruhusiwi kuchimba. Lakini vipimo hivyo ni vya zama za kamba na ndoo. Basi asemaye, "Sikuvuka mpaka," twamwuliza: mpaka upi, wa juu ya ardhi au wa chini yake?

Hatumwambii apunguze peke yake, kwani maji atakayoyaacha yatavutwa na jirani. Twasema wenye visima wakae pamoja, wapime kina cha maji kila mwaka, wagawane zamu za pampu kama wenzao wa falaj wagawanavyo mfereji.