Deni la Msomi wa Mimea

Katika kijiji nilichofundisha nilipokuwa mwalimu kijana, palikuwa na mzee mmoja aliyeuza fahali wake wawili wa kulimia ili mwanawe apate kwenda chuo kikuu. Kijana alisomea kilimo cha mimea. Alipopata shahada ya kwanza, kijiji kizima kilikula na kunywa. Kisha akasafiri ng'ambo kutafuta shahada ya pili, na baada ya hiyo ya tatu, ile ya uzamifu. Ikapita miaka sita. Mzee alilima kwa jembe la mkono shamba alilokuwa akililima kwa plau, na sehemu ya chini ya shamba hilo ilikuwa imeshikwa na gugu lenye maua ya zambarau, ambalo Wajaluo huliita kayongo na ambalo kwa Kiswahili huitwa kiduha. Jioni moja aliniuliza, "Mwalimu, mtu aliyefunzwa kulima na baba yake tangu utotoni, anajifunza nini huko kwa miaka sita? Na akishajua, atamwambia nani?"

Swali lake la kwanza si gumu, ijapokuwa jibu lake ni refu. Asomaye kwa shahada ya kwanza hufundishwa yale ambayo wengine wamekwisha kuyajua. Asomaye kwa shahada ya uzamili, na zaidi kwa ya uzamifu, hutumwa kutafuta neno ambalo hata mwalimu wake halijui. Aghalabu neno lenyewe ni dogo, hata likitajwa mbele ya mkulima atacheka: kwa nini mtama huu hunyauka siku tatu baada ya ule? Ili alijue, mwanafunzi hukata shamba vipande vidogo na kuvigawa kwa kura, wala si kwa kupenda kwake, asije akaipa mbegu aipendayo udongo wenye rutuba na kuinyima nyingine. Utaratibu huo ulitengenezwa na Ronald Fisher katika kituo cha Rothamsted, Uingereza, katika miaka ya 1920, na mpaka leo unafuatwa. Akitaka kuchanganya mitama miwili, huketi juani na koleo ndogo mkononi, akatoa sehemu za kiume katika kila ua kabla hazijapevuka, akalifunika suke kwa mfuko wa karatasi, kisha akalipaka chavua ya mtama mwingine. Mbegu itakayopatikana si kitu bado. Hupandwa, huchaguliwa, hupandwa tena, misimu sita au saba au zaidi, mpaka tabia zake zitulie. Huko ndiko miaka iendako.

Kuna jambo jingine ambalo mzee hakuliuliza. Usiku mwanafunzi yu peke yake na daftari lake. Amehesabu masuke ya vipande arobaini, na hesabu ya vipande viwili inaiharibu hoja yake yote. Akiibadili, nani atajua? Mwalimu wake amelala, na vipande vimekwisha kuvunwa. Mimi naamini kwamba hapo ndipo usomi unapopimwa hasa, kuliko katika mtihani wowote, kwa kuwa siku moja watu watapanda mbegu kwa kuziamini tarakimu zile, na mkulima hali tarakimu.

Lakini swali la pili ndilo lililoninyima usingizi. Msomi wa mimea anadaiwa na nani, naye atalipa kwa nini?

Watu wengi hujibu kwa neno moja: arudi. Jibu hili lina haki ndani yake, wala silidharau. Fahali wawili si maneno. Hata hivyo, hebu tumtazame mtu mmoja kabla hatujahukumu.

Gebisa Ejeta alizaliwa Ethiopia mwaka 1950, katika nyumba ya nyasi yenye chumba kimoja. Alipokuwa mtoto alitembea kilomita 20 kila Jumapili kwenda shuleni, akakaa huko juma zima, na Ijumaa akatembea kurudi kwao. Alisoma kilimo Jimma, kisha katika chuo cha Alemaya, na mwaka 1974 akaenda Chuo Kikuu cha Purdue, Marekani, ambako alipata shahada ya uzamifu kwa kazi ya mtama. Alipoimaliza hakubaki Marekani, wala hakurudi kwao. Alikwenda Sudan, akazalisha huko mtama chotara unaostahimili ukame, uitwao Hageen Dura-1, ambao wakulima walianza kupewa mwaka 1983. Mwaka uliofuata alirudi Purdue kufundisha, na huko ndiko alikoendelea na kazi yake. Je, alilikimbia deni?

Kabla hujajibu, kijana msomaji, fikiri juu ya gugu lile la mzee. Mche mmoja wa kiduha huzaa mbegu makumi ya maelfu, ndogo kama vumbi, nazo zaweza kulala udongoni zaidi ya miaka kumi. Haziamki mpaka zipate harufu ya kemikali itokayo katika mzizi wa mtama au wa mahindi ulio karibu. Mmea haukuikusudia kemikali hiyo kwa kiduha. Huitoa ili kuwaita kuvu wanaousaidia kupata fosforasi katika udongo uliochoka, na mwizi husikia wito usiokuwa wake. Huamka, hujibandika mzizini, hunyonya maji na chakula. Mkulima anapoona ua la zambarau, wizi umekwisha kutendeka chini ya ardhi, na palizi yake haimrudishii kitu. Ejeta na wenzake walitafuta mitama inayotoa kemikali hiyo kidogo sana, hata mbegu za kiduha zikaendelea kulala, wakaichanganya na mitama yenye mazao mema. Mwaka 1994 tani nane za mbegu zao zilipelekwa katika nchi kadhaa za Afrika, na mwaka 2009 Ejeta akapewa Tuzo ya Chakula ya Dunia. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanyika katika maabara ya Indiana, mahali ambapo hakuna mkulima hata mmoja anayekijua kiduha.

Kwa upande mwingine yuko Thomas Odhiambo, mwana wa Kenya, aliyepata shahada ya uzamifu Cambridge na kurudi nyumbani. Mwaka 1970 alianzisha jijini Nairobi kituo cha utafiti wa wadudu kiitwacho ICIPE. Katika miaka ya 1990 watafiti wa kituo hicho, walioko Mbita kando ya Ziwa Victoria, walipanda majani ya desmodiamu katikati ya mahindi wakiwinda kiwavi anayetoboa mabua. Wakaona jambo wasilolitazamia: palipo na desmodiamu, kiduha kilitoweka. Jambo kama hilo halionekani ila na mtu aliyesimama shambani.

Basi mmoja alikaa mbali, mwingine alirudi, na jina la gugu ni lile lile. Kwa hiyo mimi sipimi deni la msomi kwa mahali alipo. Nampima kwa swali alilochagua kulitafuta. Nimewaona wasomi waliorudi, wakapewa ofisi na kiti kinachozunguka, na tasnifu yao ikafungiwa kabatini pamoja na funguo za gari. Hao wako nyumbani, lakini wamemwacha mkulima mbali kuliko aliye ng'ambo. Lakini asije mtu akajificha nyuma ya maneno yangu haya. Ejeta alikaa kwanza miaka kadhaa Sudan, akayaona mashamba kwa macho yake, na aliye mbali asiposikia tena habari za shamba, swali lake hugeuka kidogo kidogo likawa swali la jirani zake wapya. Jambo hilo hutokea bila ya mtu kukusudia ubaya wowote.

Tena nina shaka kama tumekwisha kuwataja wadai wote. Mwaka 1973 watafiti wa Purdue walitangaza kwamba wameona katika mitama ya Ethiopia miwili yenye lisini nyingi, ambayo ni sehemu ya protini iliyo haba katika nafaka. Dunia ya wasomi ilishangaa. Lakini huko Wollo wakulima walikuwa na mtama walioupa jina ambalo maana yake ni Maziwa Kinywani Mwangu. Hawakuijua lisini; waliujua mtama, wakauchagua suke kwa suke, wakaurithisha. Chuo kikuu kilipima kitu ambacho wanawake na wanaume wasiojua kusoma walikuwa wamekwisha kukitunza. Kila anayesoma mimea amekopa kwa watu hao pia, na hao hawana anwani ya kupelekewa malipo.

Nayaona haya kuwa kweli, na bado nakiri kwamba hayamfai kitu mzazi anayezeeka peke yake. Ukiniambia kwamba mbegu njema imewafikia watu elfu, baba aliyeuza fahali anaweza kufurahi, na usiku akawa hana wa kumpa maji. Sijui hesabu inayoweza kujumlisha mambo hayo mawili.

Mwaka wa saba barua ilikuja, nami nikamsomea mzee. Mwanawe hakusema atarudi lini. Aliomba kibaba cha mtama mwekundu ambao bibi yake alikuwa akiuning'iniza juu ya meko, na akaeleza ofisi ya serikali ambako mbegu zingepelekwa kwanza zikaguliwe na kuandikiwa kibali. Mzee alinyamaza kitambo. Akaingia ndani, akatoka na masuke matatu yaliyokuwa meusi kwa moshi, akayapura juu ya ungo na kuyapepeta pole pole. Nusu ya mbegu aliifunga katika kitambaa, nusu akairudisha ndani.

"Andika, Mwalimu," akaniambia, "kwamba shamba la chini halikuzaa mwaka huu."