Babu Ndani ya Kioo

Kichwa cha babu wa watu kikiwekwa kwenye kabati la kioo, wageni wakalipa kiingilio kukitazama, bado ni babu, au kimeshakuwa kifaa?

Nasoma shahada ya umahiri, na mjadala huu darasani huishia haraka kwenye neno "urithi". Mimi naona neno hilo linatuponyesha mapema mno. Mtwa Mkwawa wa Wahehe alijipiga risasi Julai 19, 1898 ili Wajerumani wasimpate hai. Wakakata kichwa. Kiwiliwili kikazikwa Mlambalasi. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo kwa Waingereza ndani ya miezi sita. Likaja mwaka 1954. Sasa limo kwenye makumbusho ya Kalenga, nje kidogo ya Iringa mjini.

Namna lilivyopatikana ndiyo inayonikosesha raha. Gavana Edward Twining alikuta Bremen mafuvu yapatayo 2,000, na 84 kati yake yalitoka Afrika Mashariki ya Kijerumani. Akatenga yale yenye vipimo vinavyokaribiana na vichwa vya ndugu wa Mkwawa, kisha akachagua lenye tundu la risasi. Yaani rula ile ile iliyofanya vichwa vya watu vikusanywe kama mbegu za maabara ndiyo iliyotumika kumtambua marehemu.

Wapo wanaosema basi huenda si yeye, na wakishasema hivyo wanatulia. Sielewi wanatuliaje. Kama si Mkwawa, ni babu wa mtu mwingine, ambaye labda ukoo wake unatambika mpaka leo bila kujua kichwa kiko wapi. Shaka haipunguzi deni, inaongeza mdai.

Kule Alberta, Kanada, sheria ya mwaka 2000 iliwarudishia Blackfoot vifurushi vyao vitakatifu vilivyokuwa makumbusho ya Glenbow, Calgary. Kwao kifurushi ni kiumbe hai. Kina mlezi, na kipo cha kufunguliwa kwa ibada ngurumo ya kwanza ya masika inaposikika. Havikuhamishwa kutoka kioo kimoja kwenda kingine; vilirudi kazini. Hata kwetu Rungwe, mkoani Mbeya, msitu wa Lubaga wa tambiko la Lwembe haukuwa mahali pa kila mpita njia kuchungulia.

Najua kioo kina faida yake. Mwanafunzi aliyesimama mbele ya fuvu lile haambiwi tena kwamba ukoloni ulikuwa sura ya kitabu tu. Na neno la mwisho ni la wazee wa ukoo, si langu mimi wa kuja. Ningeulizwa, ningesema lipelekwe Mlambalasi, likakutane na mwili.

Ila hata hapo yanabaki yale 83. Hayakuwa na tundu la risasi, wala kifungu cha mkataba.