Kwangu Inafanya Kazi

Sisi waandika programu tuna sentensi tunayojifichia: "Kwangu inafanya kazi."

Niliisema pia. Nilikuwa nimeandika skripti ya PHP hapa Mountain View, ya kupokea taarifa za kodi inayolipwa kwa M-Pesa kwenye ploti moja ya Kangemi. Niliijaribu jioni nzima kwa namba yangu ya 07. Kila kitu sawa. Nikalala.

Mwisho wa mwezi, mpangaji mmoja alikuta kufuli mlangoni. Alimwonyesha keateka ujumbe wa malipo kwenye simu. Akajibiwa, "Dada, sistimu inasema hujalipa."

Nilipofungua logi za seva, malipo yake yalikuwepo. Ila laini yake ilianza na 01, zile namba zilizoingia 2019, na skripti yangu ilikubali 2547 pekee. Nyingine iliziruka kimya, bila kuandika kosa lolote. Kurekebisha kulichukua dakika mbili. Yeye alikuwa amelala kwa jirani.

Edsger Dijkstra alituonya kwamba majaribio yanaweza kuonyesha makosa yaliyopo, hayawezi kuthibitisha kwamba hakuna. Kweli, siwezi kujaribu kila kitu. Lakini nilikuwa na nafasi ya kuchagua namba za kujaribu, na nikachagua yangu.

Nilimpigia kuomba msamaha. Akaniuliza, "Kwani hukujua kuna watu wana namba kama yangu?"

Nilijua. Siku hizi naanza majaribio na 01. Na skripti isipoelewa malipo, inaandika "haijulikani", haiandiki "hajalipa".