Nani Ampishe Mwenzake?

Wahenga wametuusia: mwenye nguvu mpishe. Usia huu una busara, maana anayesimama kushindana na wimbi aghalabu huangushwa. Lakini je, una haki ndani yake? Kupisha ni wajibu wa mnyonge peke yake?

Swali hili laweza kupimwa mahali tusipopatarajia: katika tamasha la wanamuziki wa kanisa, pale kinanda cha mabomba kinapopigwa pamoja na piano. Marcel Dupré, mpigaji kinanda wa kanisa la Saint-Sulpice mjini Paris tangu 1934 hadi alipofariki mwaka 1971, alitunga kazi kadhaa kwa ajili ya ala hizi mbili, na alikuwa akipiga pamoja na binti yake Marguerite, aliyekuwa mpigaji piano.

Ala hizi hazilingani. Kinanda hupumua: hewa hupita mabombani, na sauti hudumu maadamu kidole kimebonyeza. Piano hugonga: nyundo ikishaupiga uzi, sauti huanza kufa papo hapo. Wapenzi wa taarabu wataitambua tofauti hii baina ya akodiani na kanuni. Mwenye pumzi akitaka, atamfunika mwenye uzi asisikike kabisa.

Hapo usia wa wahenga hupinduka. Anayepisha ni mwenye nguvu: huyanyamazisha mabomba yake makubwa, akabakisha machache yaliyo laini. Lau angetumia nguvu zake zote angeshinda, na muziki ungekufa.

Lakini tusiharakishe kumpa mkubwa fadhila zote. Joto likipanda, sauti za mabomba nazo hupanda, wala haiwezekani kuyarekebisha maelfu ya mabomba kwa ajili ya jioni moja. Hivyo fundi huzikaza au huzilegeza nyuzi za piano hata zikiafiki kinanda. Mmoja hupisha kwa kuzizuia nguvu zake, mwingine kwa kuuacha mkazo aliouzoea.

Linabaki lililo gumu zaidi, nalo ni umbali. Mara nyingi kinanda huwa juu, nyuma ya waumini, na piano huwa chini, karibu na madhabahu. Sauti hutumia takriban sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenda mita 34. Kila mmoja akingoja kumsikia mwenzake ndipo apige, wote wawili watachelewa, na mwendo utazidi kuzorota. Hawana budi kupiga kwa kuaminiana, ijapokuwa masikio yao yanawaambia vingine.

Basi insafu baina ya wasiolingana haipatikani kwa kutoa ratili kwa ratili, wala kwa mnyonge kupisha daima. Hupatikana pale kila mmoja anapotoa kile asichoweza mwenzake kukitoa, tena bila ya kumngoja aanze yeye. Ni nyumba ngapi, na ni nchi ngapi, zilizovunjika kwa kungojana?